Riziki Ipandayo Usiku: Imani ya Mkristo Kando ya Ziwa Tanganyika



Nimeombwa nizungumze juu ya namna Mkristo anavyoweza kupata imani na kutiwa moyo katika maumbile na katika maisha ya kila siku. Mada hii mara nyingi huchukuliwa kwa wepesi. Watu huonyeshwa jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, wakaambiwa watazame ukuu wa Mungu, na mahubiri yakaishia hapo. Machweo yale ni mazuri kweli, na anayeyashukuru anafanya vema. Lakini mama aliyeanika dagaa pale Kibirizi, hapa Kigoma, hana nafasi ya kuyatazama. Mtoto ana homa, marejesho ya kikoba ni kesho, na wingu limeanza kujikusanya upande wa milimani. Kama imani ya kwenye maumbile ni ya mtu mwenye muda wa kupunga upepo ufukweni, basi haimfai mama huyu. Na Injili isiyomfaa mama huyu siijui. Watu wa kwanza kuitwa na Bwana Yesu kando ya ziwa la Galilaya walikuwa kazini, mikono yao ikiwa kwenye nyavu.

Kwa hiyo nitazungumza juu ya ziwa letu kama mahali pa kazi. Ninalo neno moja, nalo nitalieleza kwa hatua. Ziwa linamfundisha Mkristo kumtegemea Mungu, hasa katika yale asiyoyaona. Kumpenda jirani ziwa halitufundishi. Hilo tunalipata kwa Kristo. Na watu waliojifunza yote mawili, kutegemea na kupenda, ndio watakaoweza kulitunza ziwa hili likawalisha wajukuu.

Kazi ya usiku

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673, na kina chake kinafika meta 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kwa kina. Ukisimama Bangwe ukayaangalia maji haya, unaweza kudhani kina chote hicho kimejaa samaki. Sivyo. Ukishapita kina cha meta 100 au 200 hivi, kutegemea ni upande gani wa ziwa, maji hayana oksijeni, na samaki hawezi kuishi humo. Samaki wote tunaowala wanaishi katika tabaka jembamba la juu, juu ya giza kubwa lisilo na pumzi.

Ajabu ni kwamba mbolea ya ziwa imelala kule kule gizani. Kila kinachokufa juu huzama, na virutubisho vyake hubaki chini. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, huyasukuma maji ya juu kuelekea huku kwetu kaskazini, na kule kusini maji ya chini hupanda yakiwa yamebeba mbolea ile kuileta kwenye mwanga. Hapo mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi. Vijidudu vya majini huila mimea hiyo, dagaa huvila vijidudu, na mgebuka humla dagaa. Upepo ule ule unaowatisha wasafiri wa maboti ndio unaotuandalia mboga.

Halafu kuna safari ya kila siku. Mchana vijidudu hivyo hushuka chini kujificha. Giza likiingia hupanda, na dagaa huvifuata. Ndiyo maana wavuvi wetu hutoka jioni. Zamani waliwasha karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Mitumbwi ya kipe hufungwa pamoja kwa miti, wavu hushushwa kati yake, taa zinawaka juu ya maji, na watu wanasubiri. Usiku wa mbalamwezi pevu taa hazina nguvu, kwa sababu mwanga umetapakaa kila mahali na dagaa hawakusanyiki. Siku hizo mvuvi hushona wavu wake na kupumzika.

Naomba tuitazame kazi hiyo kwa makini, kwa sababu ndani yake mna theolojia nzima. Mvuvi hana uwezo wa kumpandisha hata dagaa mmoja kutoka chini. Hakuupa upepo amri, hakuitia mbolea ziwani, wala hakuwafundisha vijidudu saa ya kupanda. Yote hayo yametangulia kufanyika kabla hajasukuma mtumbwi. Hata hivyo, asipotoka, asipowasha taa, asipokesha na baridi na asipovuta wavu kwa nguvu zake zote, watoto wake watalala njaa. Wakristo tumebishana kwa karne nyingi kuhusu neema na matendo, nani anafanya nini katika wokovu wetu. Mvuvi wa Katonga anaishi ndani ya jibu kila usiku. Anafanya kazi kwa bidii juu ya kitu alichokwisha kupewa.

Wana wa Israeli walijifunza somo hilo jangwani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinasimulia mana iliyofika na umande wa usiku. Asubuhi kila mtu alitoka kuokota ya kumtosha, na aliyejilimbikizia aliikuta imeoza. Riziki ilitoka kwa Mungu, kuokota kulikuwa kwao. Na Injili ya Luka, sura ya 5, inatueleza juu ya wavuvi waliokesha bila kupata kitu, wakawa wanaosha nyavu zao asubuhi. Usiku kama huo unajulikana sana hapa. Mafuta yamekwisha, vijana wa chomboni wanataka posho, mwenye wavu anataka hesabu yake, na kwenye ndoo hamna kitu. Simwambii mtu aliye katika hali hiyo kwamba akiwa na imani zaidi atajaza mtumbwi. Namwambia kwamba Bwana aliingia katika chombo cha watu waliorudi mikono mitupu, akawaomba wakisogeze kidogo kutoka pwani, akakitumia kufundishia kabla hakijapata samaki hata mmoja. Alithamini chombo kitupu.

Tukitoka majini twende mchangani. Kukipambazuka, dagaa hushushwa wakiwa bado wanametameta, na akina mama huwapokea kwa mabeseni. Mwenye chanja humwaga juu ya chanja, asiye nayo humwaga juu ya mchanga uliofagiwa. Kisha huinama na kuwatandaza kwa viganja, akiwatenganisha ili wasilaliane, maana waliolaliana huoza kwa chini wakati kwa juu wamekauka. Jua likishapanda huwageuza. Huwafukuza kunguru kwa fimbo, huchagua mawe na magamba, na jicho moja huwa mbinguni kutazama mvua. Jua zuri la siku nzima, na amepata dagaa mweupe, mkavu, atakayefika Tabora, Dar es Salaam na Lubumbashi. Mvua ya saa moja, na mtaji umeharibika. Mama huyo akiomba jua, anaomba kwa maneno machache na kwa moyo wote. Sijui sala iliyo karibu zaidi na ile aliyotufundisha Bwana, tunapoomba chakula cha leo.

Na sasa kumbukeni sura ya mwisho ya Injili ya Yohana. Mwana wa Mungu ameshinda mauti. Angeweza kutokea juu ya hekalu kwa ngurumo. Wanafunzi wake walimkuta alfajiri ufukweni, amewasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Akawaita wavuvi waliochoka waje wale. Huyo ndiye Bwana tunayemwamini. Ufufuko haukumtoa katika moshi na harufu ya samaki. Mtu wa Kigoma hahitaji maelezo marefu ya kisa hiki. Moto wa namna ile umewashwa leo asubuhi kwenye mwalo wetu.

Uzuri usiotosha

Hapa inabidi nisimame, niseme jambo zito. Watu wengi wamelitazama ziwa hili na kusifu uzuri wake, na si wote walitoka na huruma.

Wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Wakati huo tayari Ujiji ulikuwa mji wa biashara, na biashara mojawapo ilikuwa ya binadamu. Watu waliokamatwa ng'ambo, katika nchi ambayo leo ni Kongo, walivushwa ziwa hili, kisha wakaanza mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja hadi Bagamoyo. Maji yalikuwa ya buluu kama leo. Jua lilizama pale pale. Wenye misafara waliyaona hayo yote, wakaendelea kufunga watu minyororo. Uzuri wa maumbile haukumfungua mtumwa hata mmoja.

Mmisionari David Livingstone alilijua hilo kwa uchungu. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe kando ya mto Lualaba, alishuhudia wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine wakizama mtoni walikokimbilia. Alirudi Ujiji mwezi Oktoba akiwa mgonjwa na amevunjika moyo, akakuta mali yake aliyotumiwa imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Katika shajara yake alijifananisha na yule mtu wa njia ya Yeriko aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, ila yeye hakuona tumaini la Msamaria kupita njia hiyo. Siku chache baadaye Susi, mtumishi wake, alikuja mbio kumwambia kuna mgeni. Alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akiwa na chakula na dawa. Mahali pale pana mnara na makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa kuona. Ningependa waambiwe kwamba mzee yule aliyepita katika mandhari nzuri kuliko wengi wa zama zake, alipokata tamaa alichokihitaji ni mtu.

Hifadhi ya Gombe nayo inashuhudia hivyo hivyo. Mtafiti Jane Goodall alishuka pale tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, akaanza kuwatazama sokwe kwa uvumilivu ambao dunia haikuwa imeuona. Alikuwa mtu wa imani. Mwaka 1999 alitoa kitabu juu ya safari yake ya kiroho, na hakuficha kwamba msitu wa Gombe ulimleta karibu na Mungu. Lakini alikuwa mkweli wa kutosha kuandika yote aliyoyaona. Mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu uliwaua sokwe kadhaa, na mtoto mmoja yatima, Mel, mwenye umri wa miaka mitatu hivi, alichukuliwa na kijana wa kiume aliyeitwa Spindle, ambaye hakuwa ndugu yake wa karibu. Spindle alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, akamlaza kwenye kiota chake. Msitu ule ule, kati ya 1974 na 1978, ulishuhudia kundi moja la sokwe likiwawinda na kuwaua wa kundi jirani, mmoja baada ya mwingine, watu waliokwisha kuishi nao, kama naweza kusema hivyo juu ya wanyama.

Tumuige nani, basi, Spindle au wale wawindaji? Msitu hautoi jibu. Zaburi ya 104 inamsifu Mungu kwa simba na kwa ndege wa mitini, na ni haki yetu kuiimba. Lakini tukitaka kujua tumtendee nini yatima wa jirani, lazima twende kwa yule aliyewaita watoto waje kwake. Mkristo husoma maumbile akiwa na Injili mkononi. Akiiweka Injili chini, anaweza kutoka msituni na upendo au na ukatili, na vyote viwili akaviita asili.

Waliopita njia hiyo

Nitawatajia mtu mmoja wa ziwa hili ambaye vijana wetu hawamjui vya kutosha. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika Magharibi. Akiwa mtoto alikamatwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako Mapadre Weupe walimkomboa. Walimsomesha, kisha wakampeleka Malta kujifunza uganga wa kisasa. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwetu kwenye ufukwe huu huu, akiwa daktari na katekista. Alikaa. Alitibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka zaidi ya 60 mahali pamoja.

Fikirini maisha hayo. Mtu aliyeuzwa utotoni anakuja kufanya kazi katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma. Angeweza kuomba kazi mahali penye raha. Alichagua vidonda, homa na akina mama wenye uchungu wa kuzaa, siku baada ya siku, kwa miongo sita. Mtu akiniuliza ushahidi wa Mungu kando ya Ziwa Tanganyika, nitamwonyesha maji, ndiyo, lakini nitaanza na Atiman.

Na kuna ushahidi ambao wengi wenu mliuona kwa macho yenu. Mei 2015, watu wa Burundi walikimbilia Kagunga kwa makumi ya maelfu. Kagunga ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, hakikuwa na barabara ya kuwatoa watu wengi namna ile, na kipindupindu kiliingia. Iliyokwenda kuwachukua, safari baada ya safari, ni meli ya MV Liemba. Meli hiyo Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande, wakaiunga hapa Kigoma, wakaishusha majini 1915 na kuitumia vitani. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924, na ikaanza kazi tena 1927. Meli iliyowahi kubeba mizinga ilibeba wakimbizi wa Kongo mwaka 1997, na wa Burundi mwaka 2015, wakishushwa hapa na kupelekwa uwanja wa Lake Tanganyika. Nabii Isaya alitabiri siku ambayo vyuma vya vita vitafuliwa kuwa vya kilimo. Hatujaifikia siku hiyo kwa ukamilifu, lakini watu wa Kigoma wameona dalili yake ikitia nanga bandarini mwao, imejaa watoto. Waliowapokea kwa uji na maji walikuwa Wakristo na Waislamu, na wengi wao hawakuwa na cha ziada nyumbani.

Kupumzisha ziwa

Hatua ya mwisho ni utunzaji. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi ulisitishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Wenyewe tulisema ziwa linapumzishwa. Miezi ile ilikuwa migumu. Mialo ilinyamaza, dagaa walipanda bei, na familia zinazoishi kwa kazi ya siku zilihangaika. Sitasema kwamba ilikuwa rahisi, na viongozi wa dini tusiwahimize watu kutii bila kuuliza watakula nini.

Hata hivyo, tulijue Neno linasema nini. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaagiza mwaka wa saba ardhi ipumzike, na kinakiri waziwazi kwamba watu watauliza watakula nini. Mungu alilichukulia swali hilo kwa uzito na akaahidi kuwatosheleza. Pumziko ni tendo la imani la mtu mwenye njaa. Anayekubali wavu wake ukae mkavu kwa msimu, anakiri kwa vitendo kile nilichokieleza mwanzo, kwamba dagaa hawapandi kwa amri yake.

Tena ziwa linahitaji huruma yetu sasa kuliko zamani. Utafiti ulioongozwa na Catherine O'Reilly, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature, ulionyesha kwamba maji ya juu yamezidi kupata joto, na maji ya juu yenye joto hayachanganyiki vizuri na ya chini. Ile mbolea haipandi kama ilivyokuwa ikipanda. Tukiongeza kokoro na nyavu za macho madogo zinazokomba vitoto vya samaki, tunakula mbegu. Milimani nako, mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya Kigoma, kwa sababu vilima vinavyoizunguka Gombe vilikuwa vimebaki vitupu. Mradi ule ulifahamu kwamba huwezi kuokoa msitu huku mwanakijiji akiwa na njaa. Ni fundisho ambalo kila parokia na kila usharika wetu unaweza kulichukua.

Nanyi mliohamishwa na maji miaka hii ya karibuni, ziwa lilipojaa na kumeza nyumba za ufukweni, msikubali mtu awaambie mmelaaniwa. Ziwa hili limepanda na kushuka tangu kale. Katika miaka ya 1870 lilikuwa limejaa sana, likavunja kizuizi cha mchanga na matope kwenye mdomo wa mto Lukuga upande wa Kongo, na kina chake kikashuka. Edward Hore, baharia wa misheni ya London aliyefika Ujiji 1878, alikwenda mwenyewe akaona maji yakitoka kwa nguvu. Bwana Yesu alipoutaja mnara wa Siloamu ulioua watu, alikataa kuwahesabu waliokufa kuwa wenye dhambi kuliko wengine. Aliyepoteza nyumba anahitaji kiwanja, mabati na mtu wa kukaa naye.

Ninamaliza kwa mambo matatu ya kufanya. Kwanza, wahubiri wenzangu, nendeni mwaloni kabla ya kuandika mahubiri. Waulizeni wavuvi na akina mama wameona nini wiki hii, mkaombe juu ya hayo kwa majina yake: upepo, mafuta, deni, mvua. Ayubu aliwaambia rafiki zake waende wakawaulize wanyama na samaki. Sisi tuanze kwa kuwauliza wanaowajua samaki. Pili, kila kanisa liwe na mfuko wa miezi ya kupumzisha ziwa. Tuuchangie dagaa wakiwa wengi, ili funga ya ziwa isiwe njaa ya maskini. Hapo ndipo kutegemea kunapokutana na kupenda. Tatu, wazazi, wafundisheni watoto kushukuru kabla ya kula ugali wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese, na muwaeleze mboga ile imetoka wapi: kina cha giza, upepo wa kusini, mvuvi aliyekesha, mama aliyegeuza dagaa juani. Mtoto anayejua hayo atamshukuru Mungu kwa akili timamu, na atamheshimu kila mtu aliyefikisha chakula hicho mezani.

Ndugu zangu, tusisubiri ishara za mbali. Mungu ametuweka mahali ambapo kila usiku riziki inapanda kutoka tusikoona, na kila asubuhi kuna jirani anayeihitaji. Tuipokee kwa shukrani, tuigawe kwa haki, na tuwaachie watakaokuja. Bwana awabariki.